Hesabu ya Wanyama kwa Dakika Moja: Mazungumzo Juu ya Akili ya Mgonjwa wa Ini

Yafuatayo ni maneno kamili ya mazungumzo aliyoyatoa Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wananchi, katika wiki ya Siku ya Homa ya Ini Duniani, ambayo huadhimishwa kila ifikapo tarehe 28 Julai. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Kwanza naomba ieleweke kwamba mimi si daktari. Kazi yangu ni habari. Haya niliyokuja nayo leo nimeyapata kwa madaktari waliokubali kuniketisha na kunisomesha, mengine nimeyasoma, na mengine yamenifika kutokana na kosa nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe. Nitaanza na hilo kosa, kwa sababu bila ya hilo nisingalikuwa na haja ya kusimama hapa.

Katika mwaka 2014 nilikuwa katika afisi moja ambayo sitaitaja, nikikaimu nafasi ya mkuu wa utawala. Alikuwako karani wa masjala, mtu aliyenizidi kwa miaka kumi hivi, ambaye afisi nzima tukimwita Mzee. Jalada lolote ukilitaka, hata liwe la miaka mingi nyuma, alikuletea kabla chai yako haijapoa. Mwandiko wake ulikuwa wa skuli za zamani, herufi zimesimama sawasawa kama watu walio katika safu ya sala. Sote tulijua kwamba ana maradhi ya ini, kwani yeye mwenyewe alitwambia kuwa hospitali wamemgundulia homa ya ini ya aina ya B, na kwamba ini lake limeshaingia makovu. Tulimpa pole, kisha tukasahau.

Mwaka huo Mzee akaanza kubadilika. Barua ya Wizara hii akaiweka katika jalada la Wizara ile. Akaandika tarehe ya mwezi uliopita katika daftari la barua zinazoingia, na alipoambiwa, akajibu kwa ukali ambao hatukuuzoea kwake. Mchana alisinzia mezani. Mwandiko wake ukawa unapanda na kushuka, mistari ikaingiliana. Wengine wakasema uzee umemuwahi, wengine wakasema amefanyiwa jambo, na mmoja akathubutu kunong'ona kwamba Mzee ameanza kunywa. Mimi nilisema kwamba huo ni uzembe, na nikaandika rasimu ya barua ya onyo. Barua ikatiwa saini, ikatiwa katika jalada lake binafsi, naye akaisoma mbele yangu, akainua macho, akauliza: "Leo siku gani, bwana?" Nilidhani ananifanyia kejeli.

Nyumbani hali ilikuwa vivyo hivyo. Usiku halali, anatembea chumbani, anafungua na kufunga masanduku. Mkewe, kwa kumhurumia, alimnunulia vidonge vya usingizi katika duka la dawa. Jamaa wakamletea kombe, na mimi siwalaumu kwa hilo, kwani dua haikatazwi na mtu. Lakini alikuwa hakupata choo kwa siku nne, na hakuna aliyeliona hilo kuwa ni jambo la kutaja. Asubuhi ya siku ya tano hakuamka. Akapelekwa hospitali amebebwa. Madaktari wakamsafisha tumbo, wakamtia dawa, na siku ya tatu akafungua macho akauliza habari za majalada yake. Daktari alitwambia maneno ambayo mpaka leo ninayo: kwamba mtu huyu hakuwa mzembe wala hakuwa mwendawazimu, bali ubongo wake ulikuwa umelewa kwa sumu ambayo ini lilishindwa kuichuja, na kwamba dalili zake zilikuwa wazi kwa miezi kadhaa kwa mtu yeyote ambaye angemwuliza maswali mawili matatu.

Mabibi na mabwana, ini hukaa upande wa kulia chini ya mbavu, na damu itokayo matumboni hupita humo kwanza kabla ya kuenea mwilini. Ndani ya utumbo, vijidudu visivyoonekana kwa macho, pamoja na ngozi ya ndani ya utumbo wenyewe, huzalisha amonia kutokana na vyakula na vitu vingine vyenye protini. Amonia ni ile harufu kali iumizayo pua mtu aingiapo katika banda la mbuzi lisilofagiliwa. Ini zima huishika amonia hiyo na kuigeuza kuwa kitu kingine ambacho mafigo hukitoa kwa njia ya mkojo. Ini lililosinyaa na kujaa makovu hupungukiwa na nguvu ya kuifanya kazi hiyo. Aidha, damu ikikuta ini ni gumu halipitiki, hufanya kama afanyavyo mtu wa Mji Mkongwe akuta barabara imefungwa: hupita vichochoroni. Hutafuta mishipa ya pembeni, ikalikwepa ini kabisa, ikaenda na uchafu wake mpaka kwenye ubongo. Huko seli zinazozihudumia seli za fahamu hujaribu kuishika ile amonia, zikavimba kidogo, na akili ikaanza kwenda polepole. Madaktari huuita ugonjwa huu ensefalopathia ya ini. Mimi leo nitauita mchafuko wa akili utokanao na ini.

Jambo hili si jipya. Katika mwaka 1893 maabara ya St. Petersburg, alimokuwamo mtaalamu Ivan Pavlov, ilieleza juu ya mbwa waliofanyiwa upasuaji ili damu ya matumbo ipite kando ya ini. Mbwa hao walipolishwa nyama walichanganyikiwa. Mwaka 1949 madaktari Raymond Adams na Joseph Foley, wa Boston nchini Marekani, walieleza namna mikono ya wagonjwa hawa inavyopigapiga. Mwaka 1954 Bibi Sheila Sherlock na wenzake wa London waliandika kwa urefu juu ya akili za wagonjwa wa ini. Baina ya wagonjwa wenye ini lililosinyaa, wapatao 30 hadi 40 katika kila 100 hupatwa na mchafuko ulio wazi katika wakati fulani wa maradhi yao. Wale wenye mchafuko uliojificha, ambao haonekani mtu kwa kumtazama tu, ni wengi zaidi.

Huo uliojificha ndio unaonileta hapa. Mgonjwa aliyezimia hata mtoto humtambua. Lakini kabla ya kuzimia kuna kipindi, pengine wiki, pengine miezi, ambapo mtu huzungumza vizuri, husalimia, husali, hucheka, na hata hivyo akili yake imepungua kasi. Usingizi wake umegeuka, mchana amekuwa usiku. Hukosea mahesabu madogo. Akiendesha gari au vespa huchelewa kushika breki. Huwa mkali bila ya sababu, au hunyamaza bila ya sababu. Na kinachotudanganya sana ni kwamba yale aliyoyahifadhi tokea utotoni hubaki. Mzee wetu, katika miezi ile ile aliyokuwa akipoteza majalada, aliweza kuisoma Yasini kwa moyo mwanzo mpaka mwisho bila ya kukwama. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba aya moja huivuta nyengine, ulimi hwenda wenyewe. Kwa hivyo usimpime mgonjwa kwa jambo alilolihifadhi. Mpime kwa jambo ambalo itambidi alitafute.

Hapa ndipo lilipo lile la wanyama. Kuwataka watu wataje wanyama kwa dakika moja ni kipimo cha zamani katika maradhi mengine ya ubongo. Katika mwaka 2017 watafiti wa Padova, Italia, walikichukua na kukifanyia uchunguzi maalumu kwa wagonjwa wa ini. Hakitaki mashine, hakitaki umeme, hakitaki damu, na mgonjwa hana haja ya kujua kusoma. Kinataka saa yenye mshale wa sekunde, au simu ya mkononi, na kipande cha karatasi.

Mgonjwa aketishwe mahali patulivu. Redio izimwe, na watoto wapelekwe nje. Umwambie: "Nitajie majina ya wanyama, wengi kadiri uwezavyo, mpaka nitakapokwambia basi." Ukitoa neno hilo anza kuhesabu sekunde 60. Kila jina jipya piga kijiti kimoja. Jina lililokwisha kutajwa halihesabiwi mara ya pili. Usimsaidie, usimtolee mfano, usimkunjie uso akinyamaza. Ukimya nao una maana yake. Kwa vipimo vya Padova, aliyefikisha wanyama 15 na zaidi kwa kawaida akili yake haikuwa na kasoro ya namna hii. Aliyekuwa baina ya 10 na 15 alihitaji kuangaliwa kwa makini. Na aliyekuwa chini ya 10 mara nyingi alikuwa ameshaingia katika mchafuko wa wazi. Watafiti hao walitoa nafuu kwa wale waliosoma chini ya miaka minane na wale waliozidi umri wa miaka 80, kwa kuwa mtu huweza kutaja wachache kwa sababu hizo tu, wala asiwe mgonjwa.

Sasa, ndugu zangu, hapa kwetu liko jambo la lugha ambalo Wataliana hawakuwa na sababu ya kulifikiria. Neno mnyama katika Kiswahili cha watu wengi humaanisha mwenye miguu minne. Ndege ni ndege, samaki ni samaki, mdudu ni mdudu. Ukimwambia mvuvi wa Kojani akutajie wanyama, atakutajia ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, paka, kisha atanyamaza, nawe utadhani ini limemharibu. Mvuvi huyo huyo ukimruhusu samaki, atakushushia changu, tasi, chewa, kolekole, nguru, jodari, papa, taa, pweza na ngisi kabla hujapata kuandika. Nilijaribu kwa watu wazima wa nyumbani kwangu na nikaliona hilo kwa macho. Kwa hivyo ni bora mgonjwa aambiwe tokea mwanzo kwamba viumbe wote wamo: wafugwao, wa mwituni, ndege, samaki, hata wadudu. Na maneno yatakayotumika siku ya kwanza ndiyo yatumike siku zote. Ukimpa samaki leo na ukamnyima wiki ijayo, hesabu zako hazitakuwa na maana. (Mtu wa shamba wa Unguja atakutajia paa nunga na kima punju ambao mtu wa mjini hajapata kuwaona, na wazee watakutajia chui aliyekuwa katika misitu yetu. Huyo naye mhesabuni.)

Kwa sababu hiyo hiyo, idadi ya Padova isichukuliwe kama mizani ya dukani. Mizani ya haki ni mgonjwa mwenyewe. Apimwe siku aliyo mzima wa akili, aliyelala vizuri, na idadi yake iandikwe pamoja na tarehe. Mtu ambaye kawaida yake ni 20 kisha leo akapata 13 ameshuka, hata kama bado anakuchekesha. Na bibi kizee ambaye kawaida yake ni 12, leo akipata 12, basi yuko pale pale alipo. Wala kipimo kisifanywe kila siku, kwa kuwa atajifunza orodha kama shairi, na lililohifadhiwa, kama nilivyosema, halipimi kitu. Mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili inatosha. Apimaye awe mtu mmoja, na kipimo kifanywe kwa lugha anayoiota mgonjwa.

Viko vipimo vyengine. Siku ile hospitali Mzee wetu aliambiwa ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma. Jambo hili kwa Kiswahili ni mtego mzuri, kwani kuanzia Jumamosi siku zetu zinahesabika, mosi, pili, tatu, nne, tano, kisha inaingia Alkhamisi ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kisha Ijumaa. Kwenda mbele ni kama wimbo. Kurudi nyuma kunataka mtu awe macho. Mzee alisema Ijumaa, Alkhamisi, Jumatano, kisha akarudi Alkhamisi, akakwama. Aliambiwa pia achore nyota yenye pembe tano, na karatasi ile ingemhuzunisha mtu yeyote aliyeujua mwandiko wake. Kipo kipimo cha kuunganisha kwa kalamu namba zilizotawanywa katika karatasi, kuanzia 1 hadi 25, huku saa ikihesabiwa, ambacho Daktari Harold Conn wa Marekani alikieneza kwa wagonjwa wa ini tangu miaka ya 1970. Kwa makarani kinafaa sana. Ila nathubutu kusema kwamba wapo wazee wetu waliosoma namba za Kiarabu peke yake, na ukiwapa hizi za kizungu utakuwa unapima skuli yao, si ini lao. Katika hospitali kubwa za Ulaya hutumiwa mkusanyiko wa vipimo vitano vya karatasi uliowekwa sawa huko Hannover, Ujerumani, mwaka 2001, na siku hizi wapo wanaotumia simu za mkononi kwa kipimo cha rangi. Hivyo tuwaachie wenyewe.

La mikono ni rahisi na lafaa kujulikana. Mgonjwa anyooshe mikono mbele, avipinde viganja juu kama askari wa barabarani anayesimamisha gari, vidole vikiwa wazi, na afumbe macho. Ikiwa viganja vinaanguka na kurudi, vinaanguka na kurudi, kama ndege apigaye bawa, basi mchafuko umeshatoka mafichoni, na huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine mtauliza kwa nini amonia yenyewe isipimwe katika damu. Hupimwa pale penye uwezo. Lakini damu hiyo hutaka kuwekwa katika barafu na kufikishwa maabara upesi, na hata ikifika, amonia nyingi peke yake haithibitishi ugonjwa wala haielezi ukubwa wake. Ikionekana ya kawaida, daktari hutafuta sababu nyengine ya kuchanganyikiwa.

Na hili la sababu nyengine naliwekea mkazo. Kutaja wanyama hakutambui ugonjwa. Kunatambua kwamba akili imepungua kasi, basi. Malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, kiharusi, homa ya uti wa mgongo, mtu aliyeanguka akapigwa kichwani, wote hao wanaweza kutaja wanyama sita. Mgonjwa wa ini naye huweza kupata malaria kama mtu mwengine. Kazi yetu sisi wa nyumbani na wa afisini ni kuona mabadiliko na kumfikisha kwa daktari tukiwa na daftari mkononi, na kazi ya kutafuta chanzo ni yake.

Anapofika mapema, dawa ipo. Kubwa ni dawa ya maji matamu iitwayo laktulosi, ambayo imetumika kwa ugonjwa huu tangu miaka ya 1960. Ni aina ya sukari ambayo mwili hauisagi. Hufika katika utumbo mpana, vijidudu vikaichachua, na huo uchachu huifunga amonia na kuitoa pamoja na choo. Kipimo chake sahihi ni kile kinachompatia mgonjwa choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Nasema hivi waziwazi mbele ya mabibi na mabwana kwa sababu haya ndiyo yanayowaua watu. Mgonjwa akianza kwenda chooni mara kwa mara afisini au harusini huona aibu, huiacha dawa bila ya kumwambia mtu, na baada ya siku chache tumbo likafunga na akili ikafunga. Kinyume chake, anayeinywa mpaka akaharisha maji hukaukiwa mwilini, na huko nako ni kuuita mchafuko. Iko pia dawa ya vidonge iitwayo rifaksimini, ambayo daktari huiongeza kwa wale ambao mchafuko huwarudia.

Pamoja na dawa hutafutwa kilichouchokoza ugonjwa, kwani mara nyingi kipo. Huwa ni kukosa choo, au uambukizo wa maji yaliyojaa tumboni, au kutoka damu ndani, ambako huonekana kwa kutapika damu au kwa choo cheusi kama lami. Huwa ni vidonge vya kukojoza maji vilivyozidi, au kutapika na kuharisha. Na huwa ni vidonge vya usingizi. Mgonjwa wa ini asiyelala usiku asipewe dawa ya usingizi ya kununua dukani, hata iwe moja, hata iwe nusu. Kutolala kwake ndiyo dalili yenyewe, na kidonge kile humsukuma shimoni.

Juu ya chakula, wale mbwa wa St. Petersburg walisababisha kosa la muda mrefu. Kwa kuwa nyama iliwadhuru, wagonjwa kwa miaka mingi walinyimwa samaki, mayai, maziwa na maharage, wakakonda, na misuli ikapukutika. Siku hizi ushauri umegeuka, kwani misuli nayo husaidia kuichukua amonia. Mgonjwa ale protini ya kutosha, gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ale kidogo kidogo mara nyingi, na ale kitu kabla ya kulala. Asikae na njaa kwa muda mrefu. Hapo linakuja suala la Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa katika dini, hilo kila mmoja wetu analijua, lakini wagonjwa wetu wengi huona haya kuitumia. Azungumze na daktari wake katika Rajabu au Shaabani, isiwe amefika kumi la kwanza ameshabebwa.

Chanzo cha yote haya kwa walio wengi ni homa ya ini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini sugu ya aina ya B, na kwamba homa za ini za virusi ziliua watu milioni 1.3 mwaka huo. Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo yake katika mwaka 2002, kwa hivyo wengi wetu tuliokaa katika ukumbi huu hatukuipata utotoni, na inafaa tupimwe. Ulevi nao husinyaza ini, na hali kadhalika mafuta yanayojaa katika ini kwa unene na kisukari. Kichocho cha visiwani kwetu ni cha njia ya mkojo. Lakini aliyewahi kuishi kandokando ya Ziwa Victoria na amwambie daktari, kwani huko kipo kile cha tumbo kiharibucho ini.

Narudi kwetu wenye afisi. Mtumishi ambaye inajulikana kwamba ana maradhi ya ini, kisha kazi yake ikaharibika ghafla, asiandikiwe barua kwanza. Aitwe faraghani, aulizwe usingizi wake na choo chake, apewe ruhusa ya kwenda hospitali, na kama anaendesha gari la Serikali, funguo zichukuliwe kwa heshima mpaka daktari aseme. Na ninyi masheha wa Tumbatu, Kojani, Fundo na visiwa vyengine vidogo, kwenu jambo hili lina uzito zaidi. Mgonjwa aliyetaja wanyama tisa asubuhi bado anatembea kwa miguu yake mpaka pwani na kupanda chombo. Akingojewa mpaka usiku, itakuwa kumbeba.

Mzee wetu alirudi kazini. Aliwekwa katika dawa ya kuvizuia virusi, akawa na chupa yake ya laktulosi katika mtoto wa meza, akastaafu kwa umri wake. Ile barua ya onyo niliomba iondolewe katika jalada lake, na ilichukua miezi saba kuondolewa, muda mrefu zaidi kuliko ilivyochukua kuandikwa. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Akanijibu kwamba yeye haikumbuki barua hiyo. Sijui kama ni kweli au alinisitiri.

Kipimo cha wanyama kilipotufikia, mkewe alinunua daftari la mistari. Kila Ijumaa asubuhi alimketisha mumewe barazani na kumhesabia. Daftari hilo amenionesha, na kwa idhini yake nasoma hesabu za mwaka 2018: 17, 18, 16, 17, 17, kisha 11. Ijumaa hiyo ya 11 Mzee alikuwa amechangamka, anataka kwenda msikitini mapema, anamfanyia mkewe mzaha kwamba wanyama wamekimbia. Mkewe hakucheka. Alimchukua hospitali kabla ya sala. Wakakuta maji ya tumboni yameingia uambukizo, ambao ungalimwua katika siku chache. Akatibiwa. Ijumaa ya tatu baada ya hapo imeandikwa 16.

Ndugu Mwenyekiti, umenionesha ishara kwamba muda umekwisha, nami nimemaliza. Umenong'ona pia kwamba wewe mwenyewe unaweza kufikisha thelathini. Saa yangu hii hapa, na Bibi Katibu atapiga vijiti. Samaki wamo, ndege wamo.